Orodha Tatu za Kihispania

Muyeye, Malindi
4 Machi 2025

Kwa Jedida,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, na watu wa Marafa ni wazima. Najua ukiuona mwandiko huu utataka kuwashia jiko, lakini nakuomba usome kwanza, uchome baadaye. Nimekupigia simu mara saba. Kaka yako akaniambia umeifunga namba yangu, na kwamba umesema, "Mwaro akitaka kitu aandike kwa mkono wake, maana kwenye simu huahidi asubuhi akakana jioni." Haya, nimeandika.

Maji yamenifika shingoni, Jedida. Kuna nyumba inajengwa Mnarani, pale juu panapotazama maji. Mwenyewe ni mama wa Kihispania. Anataka milango kumi na mmoja ya kusukuma pembeni, madirisha ishirini na mawili, na samani za vyumba vyote, kila kitu cha mbao. Ni kazi ya mwaka mzima. Michoro ameichora baba yake, mzee Anselmo, aliyekuwa seremala miaka hamsini. Mzee hajui Kiingereza wala Kiswahili, na ameapa kazi hampi fundi asiyeweza kuzungumza naye. Msimamizi wa ujenzi, Bwana Odera, akatukusanya mafundi akauliza nani anajua Kihispania. Nikanyanyua mkono.

Usicheke. Sisi wa Malindi tumekulia mikononi mwa Waitaliano, wewe unajua. Nilidhani Kiitaliano na Kihispania ni mtu na mdogo wake, nikimmwagia mzee Kiitaliano changu ataokota anachokitaka. Siku ya kwanza kaongea nusu saa nzima, mimi natikisa kichwa tu, "sì, sì". Kumbe nimekubali mambo ambayo hadi leo siyajui! Michoro imejaa maandishi yake ya mkono. Nikaipiga picha ili simu initafsirie, ikaniambia mlango una majani mawili.

Tarehe 12 Aprili mzee atakaa nami tupitie mchoro mmoja baada ya mwingine. Nikishindwa, kazi inakwenda kwa fundi wa Watamu na mimi nafunga karakana. Sitanii. Tangu mahoteli yalegee, mafundi wangu wanne wamebaki wawili.

Nasikia unawafundisha Kihispania vijana wanaotembeza wageni kule bondeni, na wote wanakuita Mwalimu. Nifundishe na mimi maneno ya milango, madirisha na samani. Majibu mpe Sanga wa pikapu ya mananasi, anapita kwenu na huku kwetu kila juma.

Mimi niliye shidani,
Mwaro


Marafa
6 Machi 2025

Mwaro,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi kaka akaja kuniuliza kuna nini. Mara ya pili nilikuwa natafuta jina la mtoto wangu. Umemtaja fundi wa Watamu, umeyataja mananasi, lakini Lynn hukumtaja hata kwa bahati mbaya.

Nikukumbushe basi, kwa kuwa umesahau. Nilikwenda Uhispania mwaka 2012 kumtunza bibi wa watu, Lynn akiwa na miaka sita, na mimi na wewe tulikubaliana miaka miwili. Nilikaa kumi na miwili. Makaratasi yangu yalikwisha muda, nikaogopa nikitoka sitarudi, na nikirudi mikono mitupu mtanicheka. Kosa hilo ni langu na nimelilia vya kutosha. Lakini mwaka wa tatu wewe ulibadili namba, ukaoa, na barua zangu zikawa kama zinatumbukia shimoni. Nimerudi tangu Juni mwaka jana. Nikamtuma dada yako Kahonzi amwambie Lynn kwamba nimekuja. Jibu nililoletewa: "Mwambieni huyo mama sina haja naye." Tangu siku hiyo sijatia mguu Malindi.

Sasa wewe una haja na mimi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila orodha ya maneno utainunua kwa ukweli mmoja, umeandikwa kwa mkono wako. Ya kwanza nakupa sasa. Ya pili huipati mpaka unijibu hili: nilipokawia, ulimwambia mtoto nini juu yangu?

Haya, fundi, keti usome. Mlango wa kusukuma ni puerta corredera. Upande mmoja wa mlango, ule unaosogea, ni hoja, na usomwe "oha". Hoja pia ni jani, na hayo ndiyo majani ya simu yako. Fremu ni marco. Reli unayotelezea ni carril, vigurudumu ni ruedas. Kishikio ni tirador, kitasa ni cerradura. Dirisha ni ventana na kioo chake ni cristal. Wavu wa mbu ni mosquitera, na huko nao wanao. Bawaba ni bisagra, ingawa mlango wa kusukuma hauna bawaba, mzee akikuuliza bisagra ziko wapi ujue anakupima.

Chumba cha bibi niliyemtunza kilikuwa na puerta corredera ya zamani. Ilikuwa inakwama, na mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuifungua bila kumwamsha. Miaka kumi na miwili nimeinyanyua kidogo kwa bega, ndipo nikaisukuma.

Kiitaliano chako kiache nyumbani.

Jedida


Muyeye, Malindi
10 Machi 2025

Kwa Jedida,

Asante. Haki ya Mungu, asante. Nusu ya michoro imefunguka.

Umeuliza. Nilianza kuandika jambo jingine hapa nikalichana, maana najua utalinusa. Nilimwambia Lynn kwamba umeolewa na Mhispania, una watoto wengine, na umesema usisumbuliwe.

Kabla hujanitukana, nisikilize. Mtoto alikuwa anakaa kizingitini kila jioni. Basi la Mombasa likipita, anasimama. Miaka mitatu, Jedida! Hali, hachezi, anasimama tu na kukaa. Nikaona bora alie mara moja ayamalize. Alilia siku nne, kisha akaanza kula. Nilidhani nimemtibu. Baadaye, barua zako zilipokuwa zikija, ningempaje wakati nimeshasema hivyo? Uongo ukishaupa kiti, huwezi tena kuuambia simama.

Yeye hajambo, kwa kuwa ulilitafuta jina lake. Ana miaka kumi na tisa. Tunafanya kazi pamoja, mimi mbao, yeye anashona mito na kuvalisha makochi, na mkono wake umenyooka kuliko wangu. Orodha yako nimeinakili kwenye ubao wa plaiwudi karakanani. Nikipiga randa, ananiuliza, "Baba, kitasa?" Nikikosea ananirushia vipande vya sponji. Anatamka vizuri kunishinda. Aliuliza nani ananifundisha, nikamwambia ni mama mmoja wa Marafa, Mwalimu.

Sasa nisaidie na samani, kitanda na kabati na vinavyofuatana nazo.

Mwaro


Marafa
12 Machi 2025

Mwaro,

Barua yako niliisomea jikoni, nikaona sufuria mbili zinanitosha kuvunja nazo kitu, nikatoka nje. Nimetembea mpaka ukingo wa bonde nikarudi. Nimekaa kuandika na kalamu naikandamiza, kwa hiyo karatasi ikitoboka ujue ni wewe.

Nimeolewa? Na nani, Mwaro? Nilikuwa nalala kwenye chumba cha kuwekea mafagio! Watoto wengine? Mtoto niliyekuwa naye ni bibi wa miaka tisini niliyekuwa nambadilisha nepi. Wewe ulimwona mwanangu anasimama kila basi likipita, dawa uliyoiona ni kumwambia mama yake amemtupa. Mimi huko nilikuwa napiga namba isiyoita, kila Jumapili, mpaka msichana wa duka la simu akawa ananionea huruma. Nakuchukia kwa hilo. Naandika ili ulione.

Lakini biashara ni biashara. Kitanda ni cama, ubao wa kichwani ni cabecero. Kabati la nguo ni armario. Rafu ni estante. Kabati fupi la watoto wa meza wengi, yaani droo, ni cómoda, na mtoto wa meza mmoja ni cajón; usome "kahon". Kiti ni silla, cha mikono ni sillón, meza ni mesa. Kimeza cha kando ya kitanda ni mesilla. Juu ya mesilla yangu palikuwa na picha ya Lynn akiwa amevaa sare ya chekechea, na kila nilipozima taa nilimwambia jambo.

Kwa hiyo maneno haya yanapita mdomoni mwake. Sijui nifurahi au nilie. Mwambie cómoda mkazo uko mwanzoni.

Swali la pili. Nilipomtuma Kahonzi mwaka jana, yale maneno, "sina haja naye," Lynn aliyasema mwenyewe? Ujibu ndiyo au hapana.

Jedida


Muyeye, Malindi
1 Aprili 2025

Kwa Jedida,

Nimekaa kimya wiki tatu, nilitaka niimalize kazi hii bila wewe. Nimejaribu. Nilimfuata Mhispania mmoja ufukweni, akaniambia yeye ni mwalimu wa hesabu, mambo ya mbao hayajui. Zimebaki siku kumi na moja. Kwenye michoro kuna namba ndogo ndogo pembeni ya kila mlango zenye neno holgura, na mzee amezipigia mstari mara mbili. Sizielewi, na nahisi ndizo roho ya kazi yote.

Jibu ni hapana. Lynn hakusema.

Kahonzi alikuja kwangu kwanza, kama dada anavyokuja kwa kaka. Lynn alikuwa sokoni. Nilisikia "Jedida amerudi" nikakaa juu ya benchi la kazi. Nilichokiona ni kimoja tu: Lynn atauliza, mume wako Mhispania yuko wapi? Watoto wako wako wapi? Halafu atageuka anitazame mimi. Jibu nikalitunga palepale nikampa Kahonzi akuletee, na Kahonzi akaapa kufunga mdomo. Lynn mpaka leo anajua uko Uhispania.

Sina cha kujitetea. Huyu mtoto ndiye niliyebaki naye, yule mke niliyemuoa baada yako naye alishaondoka. Nikimpoteza Lynn, hiyo karakana nitaifungulia nani?

Nipe hiyo holgura.

Mwaro


Marafa
3 Aprili 2025

Mwaro,

Miezi tisa! Miezi tisa nimelala safari ya saa moja na nusu kutoka kwa mwanangu, nikijua amenikataa, nikisema nastahili. Kanisani nilikuwa naomba nipewe moyo wa kulikubali. Kumbe namwomba Mungu anisaidie kukubali jibu la Mwaro!

Jana niliandika orodha ya uongo. Nataka ujue. Niliandika kwamba holgura ni gundi, na tope ni kioo, na nyingine nyingi, nikaikunja nikaiweka tayari. Nilikuona mbele ya mzee wa watu unapayuka, na fundi wa Watamu anachukua kalamu kutia sahihi. Nikafurahi hadi nikaogopa. Kisha nikakumbuka Lynn naye anakula kwenye karakana hiyo. Nimeichoma. Hii ndiyo ya kweli.

Holgura, usome "olgura", ni nafasi unayoiacha kati ya mlango na fremu ili upite bila kusugua. Tope ni kizuizi kinachoukomesha mlango mwishoni mwa reli. A ras maana yake usawa, pasiwe na ukingo. Lijar ni kupiga msasa. Na umtazame mzee vizuri kwenye hizo namba. Kwao hewa ni kavu. Mimi nimeona milango yao, nafasi yake huingizi hata kucha. Akikuandikia holgura ya kwao, masika ya kwanza tu milango yote kumi na mmoja itakwama na lawama utabeba wewe. Kariri hii: La madera se hincha con la lluvia. Mbao huvimba kwa mvua. Aquí, más holgura. Hapa, nafasi zaidi.

Malipo ya orodha hii si swali. Tarehe 12 ukishamaliza na mzee, utamweka Lynn chini umwambie yote kwa kinywa chako. Ungekuwa unaniuliza kwa nini siji leo, ningekujibu: naogopa. Nikitokea ghafla, amekulia uongo wako miaka kumi, atanifukuza kwa haki yake, na mlango huo sitaweza kuubisha mara ya pili. Anza wewe kuubomoa uongo wako. Nimengoja miaka, siku tisa nitazingoja.

Jedida


Muyeye, Malindi
15 Aprili 2025

Kwa Mwalimu wangu,

Nimeipata kazi! Ungekuwepo ungejivunia mwanafunzi wako. Mzee Anselmo kaanza na bisagra, kama ulivyosema. "Ziko wapi bisagra?" Nikamwambia hakuna, huu ni mlango wa kusukuma. Akatabasamu upande mmoja. Tukaenda hivyo, marco, carril, tope, jasho linanitoka. Kufika kwenye holgura nikaona ameandika milimita tatu. Nikamwambia no. Jedida, Odera akanitolea macho. Nikasema ile sentensi yako ya mvua yote bila kukwama. Mzee akaniangalia, akaangalia mbao, akaenda dirishani, na nje manyunyu yalikuwa yameanza. Akarudi, akafuta tatu akaandika saba, kwenye kila mlango, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa kumi na moja. Kisha akanipa mkono.

Kuhusu lile jambo letu, sijapata nafasi nzuri. Mwezi huu kuna shughuli za nyumbani, kichwa cha Lynn kimejaa. Zikipita tutakaa naye vizuri. Usiwe na haraka, tumetoka mbali.

Mwaro


Marafa
22 Aprili 2025

Mwaro,

Shughuli za nyumbani! Sanga ni mtu mwema, hajui alichonipa. Ananiambia, "Mwalimu, Jumamosi ya tarehe tatu Mei sitakuja, nimekodiwa kubeba viti kwa fundi Mwaro, binti yake anaposwa." Nikamuuliza na nani. Na Tevin, kijana wa Mnarani. Na mama wa binti je? "Mama hayuko, mkaja atavishwa shangazi Kahonzi."

Mkaja, Mwaro. Nguo ya tumbo lililombeba yule mtoto. Tumbo hilo ni hili langu, na bado lina alama. Utamvisha Kahonzi, aliyeniletea jibu la uongo hadi mlangoni akanitazama usoni nikilia?

Hukupata nafasi? Ulipata nafasi ya kukariri orodha tatu. Nakuja tarehe tatu.

Jedida


Muyeye, Malindi
25 Aprili 2025

Jedida,

Usije. Nakuandikia kwa heshima na kwa onyo.

Watu wa Tevin nimeshawaambia uko Ulaya na hukuonekana tena. Ni watu wa kushika neno. Ukitokea mbele yao siku ile, wazee watauliza huyu fundi ni mwongo wa namna gani, na posa inaweza kuvunjika. Anayeaibika ni Lynn, si mimi. Ndivyo unavyotaka kurudi kwa mtoto, kwa kumvunjia ndoa?

Na ukija kunianika, na mimi nina cha kuanika. Nitawaambia ulivyoondoka. Ulimwambia mtoto unakwenda Gongoni kumnunulia viatu, ukapanda ndege. Hukumuaga. Mimi ndiye niliyebaki nikijibu viatu viko wapi. Au hilo nalo nililitunga?

Baada ya harusi nitamwambia. Naapa.

Mwaro


Muyeye, Malindi
27 Aprili 2025

Shikamoo Mwalimu,

Jina langu ni Lynn, binti wa fundi Mwaro. Hatujuani, lakini maneno yako nayajua yote, mimi ndiye niliyekuwa namsikiliza Baba akikariri. Ahsante sana. Siku aliyopata kazi ya Mnarani alirudi akanibeba juu kama mtoto, na mimi ni mkubwa hivi. Baba hajui kama nakuandikia. Nimempa Sanga barua hii kwa siri, unisamehe kukutia katika siri yetu.

Mwalimu, nina ombi. Mama yangu mzazi yuko Uhispania. Alikwenda nikiwa mdogo, akaolewa huko. Mimi naposwa Jumamosi ijayo na nimetamani kumwandikia kabla. Anwani yake sina, ila fundi mmoja ameniambia kuna njia ya kuuliza ubalozini. Ninachoogopa ni kwamba barua ikifika, mume wake ataiona ya Kiswahili aitupe kwa kutoielewa. Ikiwa ya Kihispania labda ataisoma, na akiwa na roho nzuri atampa. Naomba unitafsirie. Si ndefu. Ni hii:

"Mama, mimi ni Lynn wa Malindi. Sijui kama watoto wako wa huko wanajua nipo. Si lazima uwaambie. Tarehe tatu Mei watu wa Tevin wanaleta posa. Ni mtu mzuri, anacheka pole pole. Shangazi Kahonzi ndiye atakayepewa mkaja. Wameniuliza kama ni sawa, nikasema ni sawa, halafu nikaenda nyuma ya karakana nikakaa juu ya mbao nikalia, kwa sababu si sawa. Sikuombi uje, najua ni mbali na una mji wako. Zamani nilikukasirikia sana. Siku hizi nataka tu kujua kama ulifika salama, maana hakuna aliyeniambia. Ukiipata hii, niandikie neno moja tu kwamba umesikia."

Ni hayo, Mwalimu. Ukiona kuna neno la utovu wa adabu, lirekebishe.

Wako mtiifu,
Lynn


Nje ya karakana, Muyeye
28 Aprili 2025

Lynn mwanangu,

Barua yako haina haja ya Kihispania. Uliyemwandikia ameisoma kwa Kiswahili, leo asubuhi, akiwa amesimama barabarani Marafa, na Sanga akashuka garini akadhani nimefiwa.

Nilifika salama. Sikuolewa, wala sina mtoto mwingine. Kwa nini umeambiwa vinginevyo, kamuulize baba yako, nimezibeba barua zake zote na nitakupa. Lakini na mimi nina langu. Ni kweli nilikuambia nakwenda Gongoni kukununulia viatu. Niliogopa ukilia sitaweza kuondoka. Nilikudanganya ukiwa na miaka sita na sikuwahi kukuomba radhi. Nakuomba leo.

Nimemwambia Sanga akuletee karatasi hii mkononi, si kwa mtu mwingine. Mimi nimekaa kwenye pikapu yake, upande wa mbele, nimevaa leso ya kijani. Ukimaliza kusoma na hutaki kuniona, mwambie Sanga ageuze gari. Nitakwenda, na sitakulaumu.

Kama unataka, toka nje. Nimekusikia. Niko hapa.

Mama yako,
Jedida